Harufu ya Kuro, Majani ya Lusina: Utafiti wa Mifugo Katika Kaunti ya Kwale

Ng'ombe wa Samburu, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ana maadui wawili wasiokaa mahali pamoja. Nyikani kwenyewe, kuanzia Samburu hadi Taru na Mackinnon Road, adui ni njaa: mvua ni haba, majani hukauka mapema na maji huwa mbali. Akiteremshwa kusini-mashariki kuelekea Shimba Hills, ambako majani ni mabichi karibu mwaka mzima, hukutana na adui wa pili, yaani mbung'o na kupe. Penye malisho pana maradhi, na penye afya hapana malisho. Utafiti wa mifugo uliofanywa pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980 umekuwa, kwa sehemu kubwa, jitihada ya kulifungua fundo hilo.

Samburu hii isichanganywe na kaunti yenye jina hilo kaskazini mwa Kenya. Hii iko katika eneo bunge la Kinango, na ni nchi ya Waduruma, ambao kati ya Mijikenda ndio waliojulikana zaidi kwa kufuga ng'ombe. Ukanda wa bahari wa Kwale, kutoka Diani hadi Msambweni, hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Bara ya kaunti hiyo hiyo, sehemu nyingi hazifikishi milimita 700, nazo hugawanyika kati ya masika na vuli ambazo haziaminiki. Kutoka Samburu hadi mji wa Kwale ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, lakini ushauri wa ufugaji unaofaa upande mmoja unaweza kumfilisi mfugaji wa upande wa pili.

Ng'ombe wa asili wa huko ni zebu mdogo wa Afrika Mashariki, mwenye nundu, pembe fupi na ngozi iliyolegea shingoni. Jike aliyekomaa huwa na uzani wa kilo 200 hadi 300, na maziwa yake ni machache, mara nyingi hayapiti lita mbili kwa siku baada ya ndama kunyonya. Maofisa wengi wa kilimo, tangu enzi ya ukoloni, walimtazama kama kikwazo cha maendeleo. Hawakumtendea haki. Mnyama huyu huishi kwa majani ambayo Friesian angekufa njaa akiyala, hutembea kilomita nyingi juani, na hustahimili kupe kuliko ng'ombe wa Ulaya. Swali la maana kwa mtafiti ni nini kinachomzuia zebu kutoa kile anachoweza kutoa, na jibu la kwanza liko tumboni.

Ng'ombe hamudu kuyeyusha majani peke yake. Tumbo lake la kwanza, rumeni, hubeba makumi ya lita za majani yaliyolowa, na ndani yake huishi bakteria, protozoa na kuvu kwa mabilioni. Hao ndio wanaopasua nyuzi za majani, na ng'ombe huishi kwa asidi wanazozalisha na kwa miili yao wenyewe wanapoteremka kwenye matumbo yanayofuata. Kwa hiyo kumlisha ng'ombe ni kuwalisha kwanza wale viumbe wadogo. Nao wanahitaji nitrojeni, ambayo hutoka katika protini ya chakula. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi za joto umeonyesha kwamba protini ikipungua chini ya asilimia 7 hivi ya uzani mkavu wa chakula, viumbe hao hudhoofika, majani hukaa tumboni bila kupasuliwa, na ng'ombe huacha kula kwa sababu tumbo limejaa.

Majani machanga ya nyika mwanzoni mwa mvua huwa na protini ya kutosha, asilimia 10 au zaidi. Kufikia mwisho wa kiangazi, majani yale yale yakiwa yamegeuka rangi ya mchanga, protini hubaki asilimia 3 au 4. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kusimama katikati ya majani makavu yanayomfikia magotini, tumbo limetuna, na bado mbavu zake zikahesabika. Mfugaji humwona ameshiba, naye kweli ameshiba, lakini anakonda. Kiasi kidogo cha chakula chenye protini, kama kilo moja au mbili za majani ya mikunde kwa siku, huwaamsha wale viumbe wa rumeni, na yale majani makavu yaliyokuwa hayana faida huanza kuyeyushwa. Nyongeza hiyo ndogo hufanya kazi kubwa kuliko uzani wake, na jambo hili pekee, likieleweka vizuri, lingeokoa ng'ombe wengi wa Kinango kila mwaka.

Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Ng'ombe anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 2.5 ya uzani wa mwili wake kila siku, na uzani hukadiriwa kwa utepe unaozungushwa kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele. Jike wa kilo 250 anahitaji kama kilo sita za chakula kikavu. Nepia, majani marefu ya kulishia mifugo, ikiwa mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, hivyo ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anayelishwa nepia pekee huhitaji karibu kilo 70 za majani mabichi kwa siku. Mtu aliyepanda robo ekari ya nepia na kuleta ng'ombe wawili wa maziwa amekwisha kujipangia hasara kabla ng'ombe hawajashuka kwenye lori.

Kazi kubwa ya lishe katika pwani ya Kenya ilifanywa Mtwapa, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa KARI, ambayo leo ni KALRO. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kituo hicho kilishirikiana na ILCA, kituo cha kimataifa cha mifugo kilichokuwa na makao Addis Ababa, kutafuta namna ya wakulima wadogo wa pwani kuzalisha maziwa. Mji wa Mombasa na hoteli za ufuoni zilikuwa zikiagiza maziwa kutoka bara ilhali ardhi ya karibu ilikuwa haitumiki ipasavyo. Watafiti, akiwemo Rahab Muinga, waliwalisha ng'ombe chotara nepia kwa kadiri walivyotaka kula, kisha wakawaongezea majani ya lusina, mti wa jamii ya kunde, kwa viwango tofauti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba ng'ombe waliopewa lusina walikula zaidi, wakatoa maziwa zaidi na wakapungua uzani kidogo kuliko wenzao wa nepia tupu.

Mwaka ule ule wa 1992, mdudu mdogo anayefyonza machipukizi ya lusina, mwenye asili ya Amerika, aliingia Afrika Mashariki na kuishambulia miti hiyo vibaya. Mpango uliojengwa juu ya mti mmoja ukaonekana udhaifu wake. Watafiti wa Mtwapa walielekea kwenye mimea mingine ya jamii ya kunde: glirisidia, mukuna na klitoria, ile inayotambaa na kutoa maua ya buluu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, majani ya mimea hiyo yalipewa ng'ombe wa Jersey kama nyongeza ya nepia, na mkulima akawa na zaidi ya njia moja ya kupata protini shambani mwake badala ya kuinunua dukani. Glirisidia ina harufu ambayo ng'ombe wengi huikataa mwanzoni. Majani yakiachwa yanyauke kwa saa chache kabla ya kulishwa, hukubalika zaidi.

Lusina yenyewe ina tahadhari yake. Ndani yake mna mimosini, kemikali ambayo mnyama akiila kwa wingi hupukutika manyoya na tezi ya shingo huvimba. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa wakila lusina bila madhara kwa sababu rumeni zao zilikuwa na bakteria anayeivunja sumu hiyo. Bakteria huyo alipelekwa Australia, akaingizwa katika matumbo ya ng'ombe, na baadaye akapewa jina la kisayansi linalomkumbuka mtafiti huyo. Kwa mfugaji wa Kwale, kanuni ya salama ni kutozidisha lusina zaidi ya theluthi moja ya chakula cha siku.

Hayo yote yanafaa Mtwapa, Matuga, Msambweni na sehemu nyingine za mvua. Kuyapeleka Samburu kama yalivyo ni kosa, na kosa hilo limefanywa mara nyingi na miradi iliyogawa vipande vya nepia kwa watu ambao mvua yao haitoshi kuikuza. Nyika inataka majani yanayostahimili ukame, kama vile Cenchrus ciliaris, ambayo kituo cha KALRO cha Kiboko, Makueni, kimeyafanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na majani mengine ya asili ya nchi kavu. Mbegu zake hupandwa kwenye ardhi iliyobaki tupu, eneo likazungushiwa miiba ili mifugo isiingie, na majani yakakatwa na kukaushwa yanapoanza kutoa maua. Wakati wa kukata ndio siri. Anayesubiri hadi mbegu zikomae ili apate marobota mengi zaidi, anahifadhi nyuzi tu, maana protini imekwisha kutoka kwenye majani.

Matunda ya migunga nayo ni hazina. Yakianguka kiangazi huwa na protini nyingi kuliko majani yoyote yaliyosalia, na mbuzi huyajua vizuri kuliko wataalamu. Kuyaokota, kuyaweka magunia na kuyapa majike wenye mimba na wanaonyonyesha ni kazi ya watoto na kina mama isiyogharimu chochote ila muda. Mabua ya mahindi, ambayo shambani huachwa yachomwe na jua au yatafunwe ovyo, yanaweza kuboreshwa kwa urea: kilo 4 za mbolea hiyo huyeyushwa katika maji, maji hunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha rundo hufunikwa kwa karatasi ya nailoni lisipitishe hewa kwa muda wa wiki tatu. Mabua hulainika na nitrojeni yake huongezeka. Lakini ni lazima kipimo kifuatwe, na maji ya urea yasiachwe mahali ambapo mnyama anaweza kuyanywa, kwa sababu humuua kwa muda mfupi.

Maji ni sura nyingine ya lishe. Utafiti wa ILCA uliofanywa Ethiopia katika miaka ya 1980 uliwafuatilia ng'ombe walionyweshwa kila siku, kila siku ya pili na kila siku ya tatu. Wale walionyweshwa kwa nadra walipunguza kunywa na kula, lakini walistahimili kwa hasara isiyo kubwa kama ilivyodhaniwa, na nguvu waliyookoa kwa kutotembea kila siku hadi kisimani ilisaidia. Wafugaji wa nchi kavu walilijua hilo zamani. Hata hivyo matokeo hayo yasichukuliwe kama ruhusa ya kumnyima maji jike anayekamuliwa. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ng'ombe asiyekunywa hana cha kutoa. Silanga iliyochimbwa karibu na malisho huongeza maziwa bila kubadilisha chochote kingine.

Joto pia hula maziwa. Ng'ombe anayepata joto kupita kiasi huhema, huacha kula mchana, na hashiki mimba kwa urahisi. Zebu ana ngozi na tezi za jasho zinazomsaidia. Ng'ombe wa Ulaya hana bahati hiyo, na unyevu wa hewa ya pwani humzidishia taabu kwa kuwa jasho halikauki. Kivuli ni sehemu ya chakula, basi. Kila mti mkubwa unaokatwa Kinango kwa ajili ya makaa humwondolea ng'ombe mahali pa kupumzika na kucheua, na mti huo ukiwa mgunga, humwondolea na matunda ya kiangazi. Hasara hiyo haiandikwi popote, lakini mfugaji huilipa.

Sayansi ya ustawi wa wanyama, ambayo wengine huidhania kuwa anasa ya nchi tajiri, inaanzia hapa hapa. Misingi mitano iliyotungwa Uingereza, kufuatia ripoti ya kamati ya mwaka 1965, inataka mnyama asipate njaa wala kiu, asiteseke kwa mazingira, asiumwe bila kutibiwa, aweze kuishi kwa tabia zake, na asiishi kwa hofu. Kwa ng'ombe wa Samburu mitatu ya kwanza ndiyo maisha yenyewe, nayo inaenda sambamba na mfuko wa mwenyewe.

Mbung'o ndiye mada ambayo Kwale imeichangia dunia zaidi. Katika Shimba Hills wamo mbung'o wa aina tatu, Glossina pallidipes, Glossina austeni na Glossina brevipalpis. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai kama inzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha, kisha humzaa na kumwacha ajizike udongoni, na mwingine hufuata baada ya siku 9 au 10. Kwa kuzaa polepole hivyo angepaswa kuwa mdudu rahisi kumaliza, lakini msitu humpa kivuli, na nyati na nguruwe pori humpa damu. Hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968 na inayosifika kwa palahala wake, ni makazi yake ya kudumu.

Mbung'o akimuuma ng'ombe humwachia vimelea vya tripanosoma, ambavyo David Bruce alivitambua kuwa chanzo cha ugonjwa wa nagana alipokuwa Zululand, Afrika Kusini, katika miaka ya 1890. Vimelea huogelea katika damu na kuharibu chembe nyekundu. Ng'ombe hakondi kwa siku moja. Manyoya husimama, macho hutoa maji, tezi huvimba, jike hutupa mimba, maksai hulala kwenye mtaro kabla ya ekari kwisha. Mtaalamu wa mifugo humpima kwa kutoboa mshipa mdogo wa sikio, kuivuta damu kwenye mrija mwembamba wa kioo usiozidi unene wa njiti ya kiberiti, kuziba ncha moja na kuuzungusha kwa kasi kwenye mashine. Damu hujitenga: chembe nyekundu chini, maji ya njano juu, na katikati utando mweupe mwembamba sana. Urefu wa ile sehemu nyekundu husomwa kama asilimia. Ikiwa chini ya 25, ng'ombe amepungukiwa na damu. Kisha ule utando mweupe huwekwa chini ya hadubini, maana vimelea hukusanyika hapo, na vikiwapo huonekana vikijipinda baina ya chembe.

Dawa zipo, nazo ni za zamani: diminazini ya kutibu na isometamidiamu inayotibu na kukinga kwa miezi kadhaa. Zimetumika tangu katikati ya karne iliyopita, na katika nchi nyingi za Afrika vimelea sugu vimethibitishwa. Sababu kubwa ni kipimo kidogo, ng'ombe wa kilo 250 akadungwa dawa ya kilo 150 ili chupa itoshe kundi zima. Mfugaji anayefanya hivyo hamtibu ng'ombe, anavifundisha vimelea.

Watafiti wa ICIPE, kituo cha wadudu kilichoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, walianza na swali jepesi: mbona mbung'o humnyonya nyati na kumwacha kuro, ilhali wote wawili wanakula pamoja kwenye msitu mmoja? Nicholas Gikonyo, Ahmed Hassanali, Rajinder Saini na wenzao walikusanya harufu za miili ya wanyama hao, wakazipitisha mbele ya papasi za mbung'o zilizounganishwa na vifaa vya umeme, na kuona ni kemikali zipi mdudu huyo anazihisi. Kuro alikuwa na mchanganyiko wake mwenyewe, unaomwambia mbung'o asogee mbali. Kutokana nao zilichaguliwa kemikali chache, zikiwemo gaiakoli, jeranilasetoni, asidi ya pentanoiki na delta-oktalaktoni. Gaiakoli imo pia katika moshi wa kuni, na majaribio ya Zimbabwe yamekwisha kuonyesha kwamba moshi hupunguza mbung'o wanaokaribia. Wazee waliokoka moto wa samadi na kuni zizini jioni walikuwa na sababu.

Kemikali hizo ziliwekwa katika kichupa kinachozitoa polepole, kikafungwa kwenye mkanda wa shingoni. Jaribio kubwa lilifanyika Shimba Hills, likihusisha ng'ombe 1,100 waliovaa mikanda kwa muda wa miezi 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Maambukizi ya nagana yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kwa waliovaa, ikilinganishwa na wasiovaa. Damu yao ilikuwa nzuri zaidi, uzani uliongezeka, na matumizi ya dawa yalishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Maksai waliokingwa walilima eneo kubwa zaidi kwa asilimia 66, na ardhi iliyolimwa na familia hizo iliongezeka kwa asilimia 73.4. Hizo za mwisho ndizo takwimu za kusomwa mara mbili. Utafiti ulioanza na pua ya mdudu uliishia kwenye ghala la mahindi, kwa sababu jembe la mkono lilipumzika na plau ikafanya kazi.

Ipo njia nyingine, na pwani ya Waswahili imeishuhudia. Kisiwani Unguja, Glossina austeni alimalizwa kabisa. Kwanza dawa ilipunguza idadi yake, kisha kati ya mwaka 1994 na 1997 madume zaidi ya milioni 8 waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege, wakajamiiana na majike wa porini bila kuzaa. Mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Ufanisi huo ni wa kujivunia, lakini Unguja ni kisiwa kilichokuwa na aina moja ya mbung'o. Kwale ina aina tatu na imeungana na bara nzima, hivyo eneo lililosafishwa leo linaweza kuvamiwa kesho. Ndiyo maana mkanda unaomlinda ng'ombe mmoja mmoja, ukisaidiwa na mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi inayotiwa mkojo wa ng'ombe kama chambo, unafaa zaidi upande huu.

Na kuna ng'ombe wanaojilinda wenyewe. Katika ranchi ya Galana, kaskazini zaidi ya pwani hiyo hiyo, majaribio ya miaka ya 1980 yaliwaweka Boran wa Waorma wa Mto Tana pamoja na Boran waliozalishwa ranchini. Wale wa Waorma waliambukizwa kwa uchache, na walioambukizwa waliidhibiti anemia vizuri zaidi. Vizazi vya ng'ombe walioishi na mbung'o mtoni vilikuwa vimechujwa na ugonjwa wenyewe. Kuwachanganya ovyo na mbegu za nje ni kupoteza kitu ambacho maabara haiwezi kukitengeneza upya.

Kwa upande wa kupe, adui ni ndigana kali, ambayo wafugaji wa Kenya huiita ECF. Huletwa na kupe wa sikio wa rangi ya kahawia, na humuua ng'ombe wa kigeni kwa wiki mbili au tatu. Ndama wa zebu wa pwani wengi huipata wakiwa wadogo na kupona, wakabaki na kinga. Ng'ombe wa maziwa aliyeletwa kutoka bara hana kinga hiyo. Vimelea vilivyopatikana Mariakani, jirani wa Samburu, na Marikebuni huko Kilifi vilisaidia sana utafiti wa ugonjwa huu. Chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 humpa ng'ombe vimelea hai pamoja na sindano ya antibiotiki inayovizuia kumuua, na kinga yake hudumu. Mfugaji wa Matuga au Msambweni anayeleta ng'ombe wa gredi bila chanjo hiyo, na bila kumlishia zizini mbali na kupe, anacheza kamari.

Kuhusu mbegu, jibu la pwani limekuwa wazi kwa muda mrefu. Kundi la Kilifi Plantations, ambamo Ayrshire, Brown Swiss na Sahiwal walizalishwa kwa zamu, lilichunguzwa kwa miongo kadhaa, na chotara wenye damu ya Sahiwal ndani yao walionekana kuufaa ukanda huo wa joto. Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Bara Hindi aliyeletwa Kenya kuanzia mwaka 1939, ana nundu, anavumilia joto na ana maziwa kuliko zebu wa hapa. Samburu, ambako maziwa si mlango mkubwa wa fedha, Sahiwal au Boran kwa ajili ya nyama, na mbuzi wa Galla mweupe anayekua haraka na kuuzwa kwa bei nzuri, ni hatua inayofaa zaidi kuliko Friesian.

Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika na mashariki mwa Kenya, uliwakumba pia wafugaji wa Kinango. Mahali kama hapo uamuzi mkubwa wa lishe hufanywa mnadani. Ng'ombe anayeuzwa mvua inapoonekana imeshindwa, akiwa bado na nyama, hununua chakula cha wale waliobaki. Anayeuzwa miezi mitatu baadaye, hali mbavu zikionekana, huleta bei isiyotosha gunia la mahindi. Ofisa wa mifugo anayejua kumpa mnyama alama ya mwili, 1 hadi 5, anaweza kumwonyesha mwenyewe siku ya kuuza.

Majaribio mengi yaliyotajwa hapa yalifanyika Mtwapa, Kilifi, Galana na Shimba Hills, na faida imebaki zaidi upande wa mvua. Samburu inastahili mashamba yake ya majaribio, yenye zebu wake, migunga yake na majani yanayostahimili ukame, yakisimamiwa na KALRO pamoja na serikali ya kaunti, na wafugaji wa Kiduruma wakikaa mezani tangu siku ya kwanza. Kaunti inapopanga bajeti ya mifugo, hilo litangulie kabla ya kununua ng'ombe wengine wa gredi.